Dubu Mweupe na Chakula Chake

Katika nchi zetu hakuna dubu. Tunaye simba, tunaye chui, tunaye fisi, lakini dubu hatumjui ila kwa jina, na jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Zamani walikuwako dubu katika milima ya Afrika ya Kaskazini, huko Moroko na Aljeria, lakini waliwindwa hata wakaisha katika karne ya 19. Tangu hapo bara lote la Afrika halina dubu wa porini hata mmoja. Basi mwenye kutaka kumjua dubu hana budi kusafiri kwa mawazo mpaka nchi za mbali, na zaidi nchi zile za kaskazini ambako bahari huganda ikawa ngumu kama sakafu.

Dubu ni mnyama wa namna gani? Ana mwili mnene, miguu mifupi yenye nguvu, manyoya mengi, na mkia mfupi ambao karibu hauonekani. Akitembea hukanyaga chini kwa wayo mzima kama mtu, wala si kwa vidole tu kama afanyavyo mbwa au paka. Katika dunia nzima ziko namna nane za dubu. Wote ni ndugu, na wote wametoka katika ukoo wa wanyama walao nyama. Walakini ukitazama chakula chao utastaajabu, maana hakifanani hata kidogo.

Yuko panda wa Uchina, mwenye rangi nyeusi na nyeupe, ambaye chakula chake karibu chote ni mianzi. Kwa siku moja aweza kula kilo 12, na mara nyingine zaidi sana, kwa kuwa tumbo lake si tumbo la ng'ombe, na sehemu kubwa ya mianzi hiyo hutoka kama ilivyoingia. Yuko dubu wa Bara Hindi, ambaye hupenda mchwa na siafu. Huyu hana meno mawili ya mbele katika taya la juu, na pengo hilo ndilo linalomfaa, kwa sababu huchimba kichuguu kwa makucha, akaingiza midomo yake mirefu, akawafyonza mchwa kama mtu anywaye uji kwa mrija. Kisha yuko dubu wa kahawia, aonekanaye Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Yeye hachagui. Hula majani, mizizi, matunda madogo ya porini, asali, panya, ndama wa paa, mizoga, na samaki wapandao mito. Katika milima ya Yellowstone huko Marekani, wakati wa kiangazi, dubu hawa hupanda juu kwenye mawe na kuyageuza wakitafuta nondo. Ukimwambia mtu kwamba mnyama mwenye kilo mia mbili hunenepa kwa kula nondo, atacheka. Lakini nondo hao wamejaa mafuta, na dubu mmoja aweza kula nondo 40,000 kwa siku moja.

Wengi wa ndugu hao waweza kugeuza chakula wakati wa shida. Tunda likikosekana, hula mzizi. Mzizi ukikosekana, hula mdudu. Lakini dubu mweupe wa Ncha ya Kaskazini hana nafasi hiyo. Huyu ndiye tutakayemsimulia zaidi.

Dubu mweupe ni mkubwa kuliko dubu wote. Dume aliyekomaa ana uzito wa kilo 350 mpaka 600, na wengine huzidi hapo; jike ni kama nusu ya dume. Ngozi yake, ukiyaondoa manyoya, ni nyeusi, na manyoya yenyewe hayana rangi, bali yako wazi kama kioo, na mwanga ukiyapiga twayaona meupe. Chini ya ngozi ana mafuta mengi yanayomkinga na baridi. Anakaa katika nchi tano tu: Kanada, Marekani upande wa Alaska, Urusi, Norwei katika visiwa vya Svalbard, na Greenland ambayo ni ya Denmark. Wataalamu walikadiria mwaka 2015 kwamba dubu weupe wote waliobaki duniani ni yapata 26,000. Wainuit, yaani wenyeji wa nchi zile za barafu, humwita Nanuq, nao wameishi pamoja naye kwa muda wa karne nyingi, wakimwinda na kumwogopa na kumheshimu.

Chakula chake ni sili. Sili ni mnyama wa baharini, wala si samaki. Ana damu ya moto, hunyonyesha watoto wake, huvuta pumzi kama sisi, na mahali pa miguu ana mapezi. Majini sili ni mwepesi kuliko dubu, wala dubu hawezi kumkamata akiogelea wazi. Lakini sili ana udhaifu mmoja: hana budi kuja juu kuvuta pumzi. Bahari igandapo, yeye hukwaruza barafu kwa makucha yake na kufanya matundu, akayaweka wazi siku zote za baridi. Dubu anajua habari hii. Kwa pua yake kali hutambua tundu lilipo, hata likifunikwa na theluji, akaenda akalala kando yake kimya, pengine kwa muda wa saa nzima au zaidi, asitikisike. Sili akitoa pua yake nje, dubu humpiga na kumkamata kichwa kwa meno, akamvuta juu ya barafu. Mara nyingi hukosa. Sili akisikia kishindo kidogo tu, huenda tundu jingine, na kazi yote ya dubu imekuwa bure.

Watu husimulia kwamba dubu mweupe akimnyemelea sili huficha pua yake nyeusi kwa mkono, ili asionekane katika weupe wa theluji. Ni hadithi nzuri, nami nimewasikia watu wazima wakiisimulia kama jambo la hakika. Lakini Ian Stirling wa Kanada, aliyewachunguza dubu hawa kwa miaka mingi kuliko karibu watu wote, hakuona hata mara moja dubu akifanya hivyo.

Majira ya neema kwa dubu ni mwezi wa Aprili na Mei. Wakati huo sili majike huzaa watoto wao katika vyumba vidogo walivyochimba ndani ya theluji juu ya barafu. Dubu husikia harufu ya mtoto chini ya theluji, husimama kwa miguu ya nyuma, kisha huanguka kwa miguu ya mbele kwa uzito wake wote, akavunja dari ya chumba kile. Katika miezi hiyo michache hula sana, akaweka akiba mwilini mwake ya mwaka mzima.

Sasa angalieni alavyo. Akishiba kidogo haigusi nyama. Hula ngozi na mafuta kwanza, na mara nyingi nyama nyekundu huiacha, ikaliwa na mbweha weupe wanaomfuata nyuma kama vile bweha wafuatavyo simba. Kwa nini kuacha nyama? Kwa sababu mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili kuliko nyama ya uzito huo huo, na tumbo lake huyasaga karibu yote. Sili mmoja wa kilo 55 aweza kumtosha dubu kwa siku nane. Katika dunia ile ya baridi mafuta ndiyo mali, na asiye na mafuta ni maskini.

Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walitoa habari za dubu majike tisa wa Bahari ya Beaufort, kaskazini ya Alaska. Waliwafunga mikanda shingoni yenye kamera ndogo, wakawaacha waende zao kwa muda wa siku nane mpaka kumi na moja, kisha wakawakamata tena na kuwapima. Wakaona kwamba dubu mweupe hutumia nguvu nyingi kuliko watu walivyodhani zamani, kiasi cha mara moja na nusu na zaidi kidogo. Ili aishi vema jike hana budi kupata, katika kila siku kumi au kumi na mbili, sili mmoja mzima, au watatu wasiokomaa, au watoto wachanga 19. Katika wale tisa, watano walipungua uzito kwa siku zile chache, kwa kuwa hawakupata sili wa kutosha.

Yote haya husimama juu ya jambo moja, nalo ni barafu. Pasipo barafu hakuna mahali pa kuotea tundu, wala hakuna chumba cha sili. Katika Ghuba ya Hudson huko Kanada, barafu yote huyeyuka wakati wa kiangazi, na dubu hupanda nchi kavu wakangoja hata bahari igande tena mwezi wa Novemba. Siku hizi dunia imepata joto kuliko zamani, barafu huondoka mapema na kurudi kwa kuchelewa, na siku za kungoja zimezidi. Kati ya mwaka 2019 na 2022 wataalamu waliwafuata dubu 20 wa pwani ile katika miezi ya Agosti na Septemba. Wengine walilala tu ili wasitumie nguvu. Wengine walitembea wakila matunda ya porini, ndege, mifupa na majani. Watatu waliogelea mbali baharini, na mmoja wao alikwenda kilomita 175. Wawili kati ya hao waliona mizoga inayoelea, lakini mnyama aogeleaye hawezi kula vema, wala hawakuweza kuivuta mpaka pwani. Katika dubu wale 20, 19 walikonda, na kwa wastani kila mmoja alipoteza kilo moja kila siku. Aliyelala na aliyehangaika walikonda sawasawa. Watu wa dubu hao walihesabiwa pia: mwaka 2016 katika upande wa magharibi wa ghuba walikadiriwa kuwa 842, na mwaka 2021 walikuwa 618.

Na sasa twafika katika jambo zito. Dubu mwenye njaa hula nini, asipopata sili? Wakati mwingine hula dubu.

Mwezi wa Julai mwaka 2010, mpiga picha mmoja Mmarekani, Jenny Ross, alikuwa chomboni katika mlangobahari wa Olgastretet, katika visiwa vya Svalbard. Kwa mbali waliona dubu dume mkubwa juu ya kipande cha barafu, naye anakula. Wakadhani ni sili. Chombo kilipokaribia, wakaona kwamba kilicholala chini ya yule dume ni dubu mdogo. Alikuwa ameuawa kwa kuumwa kichwani, vile vile kama sili wauawavyo. Dume alipotambua kwamba chombo kinakuja, alisimama juu ya mzoga, miguu huku na huku, kama anayesema, "Hiki ni changu." Kisha akaunyanyua kwa meno, akauchukua kutoka kipande kimoja cha barafu mpaka kingine, hata akafika mbali akaanza kula tena. Bibi Ross na Bwana Stirling waliandika habari hiyo pamoja na nyingine zinazofanana nayo katika mwaka 2011.

Habari nyingine ni ya mwaka 2004, katika Bahari ya Beaufort. Kati ya Januari na Aprili wataalamu walikuta mara tatu dubu aliyeuawa na kuliwa na dubu mwenziwe. Mmoja alikuwa jike aliyekuwa pangoni na watoto wachanga. Ili tuuelewe msiba huu, yafaa tujue kwanza pango hilo ni nini.

Jike mwenye mimba huchimba chumba katika theluji wakati wa mwanzo wa baridi, akajifungia humo. Kati ya Novemba na Januari huzaa, aghalabu watoto wawili. Mtoto azaliwapo ni kipofu, na uzito wake ni kama nusu kilo na kidogo tu, ijapokuwa mamaye ana kilo mia mbili au mia tatu. Mama hali kitu wala hatoki. Huwanyonyesha kwa mafuta ya mwili wake mwenyewe, na maziwa yake ni mazito ajabu, maana karibu theluthi moja ni mafuta, na maziwa ya ng'ombe hayafiki hata nusu ya kumi. Hutoka mwezi wa Machi au Aprili. Katika Ghuba ya Hudson, ukihesabu na siku za kiangazi alizongoja bila sili, mama huyu aweza kukaa miezi minane asipate chakula.

Basi katika pango la namna hii ndimo jike yule alimouawa. Nyayo na damu katika theluji zilieleza yote. Dume alilirukia pango kutoka juu, akaliangusha juu ya mama, kama vile alivunjavyo chumba cha sili. Akamwuma kichwani na shingoni, akamburura mbali akamla. Watoto walikufa kwa kufukiwa na theluji. Wataalamu waliokuwa wakifanya kazi katika bahari ile kwa miaka 24 walisema kwamba hawajapata kuona jambo kama hilo hapo kabla, nao wakafikiri kwamba huenda likawa ni dalili ya njaa.

Je, desturi hii ni mpya? Hapa maneno hayapatani, nasi yatupasa kuwa waangalifu. Mwezi wa Novemba 2009, karibu na mji wa Churchill huko Kanada, watalii waliona dume akila mtoto wa dubu, wakapiga picha, na magazeti ya dunia nzima yakaeneza habari kama ajabu kubwa. Lakini viongozi wa Wainuit walisema kwamba si ajabu hata kidogo. Wazee wao walilijua jambo hilo tangu zamani. Nao wana haki kusema hivyo, maana hata wataalamu wenyewe walikwisha kuliandika katika mwaka 1985, na tena katika 1999, kabla ya kelele hizo. Mwaka 2020 mtaalamu mmoja wa Urusi alisema kwamba katika nchi yake matukio hayo sasa yanaonekana mara kwa mara. Lakini tukumbuke kwamba siku hizi vyombo vya watalii na vya watafutao mafuta ya ardhini ni vingi katika bahari zile, na kila mtu ana kamera. Jambo likionwa mara nyingi, yawezekana limezidi, na yawezekana pia wenye macho ndio waliozidi. Kwa maoni yangu maneno yote mawili yaweza kuwa kweli kwa pamoja: desturi ni ya kale, na njaa huiongeza. Ila kiasi gani cha hili na kiasi gani cha lile, hilo halijapimwa.

Sababu ni nyepesi kufahamu. Mtoto wa dubu ni nyama na mafuta, hana mbio, na hana nguvu. Dume ana uzito mara mbili ya mama. Barafu ya kiangazi ikiwa chache, sili huogelea wazi wasikamatike, na dubu wa kila namna hukusanyika katika vipande vile vichache vilivyobaki: madume yenye njaa mahali pamoja na mama na watoto. Mama akisikia harufu ya dume huwakusanya wanawe na kukimbia. Akikosa nafasi ya kukimbia, husimama akapigana, na pengine dume humwacha, kwa kuwa hata mwenye nguvu huogopa jeraha.

Msidhani kwamba hayo ni ya dubu peke yake. Kila mfugaji amepata kuona nguruwe jike akiwala wanawe siku ile ile ya kuwazaa, na kuku aliyezoea kula mayai yake mwenyewe. Na katika mbuga za Serengeti, katika Tanzania, simba dume wageni wakiliteka kundi na kuwafukuza wenye kundi, huwaua watoto waliowakuta. Kwa nini? Jike anyonyeshaye hapandwi. Akifiwa na watoto, baada ya muda mfupi huwa tayari kupandwa tena, na watoto atakaozaa watakuwa wa dume mgeni. Simba yule hana njaa, wala mara nyingi hali alichoua. Anachotaka ni uzao.

Jambo hilo la simba limeonekana kwa dubu wa kahawia katika misitu ya Swideni. Mwaka 1997 wataalamu wa huko walieleza hesabu ambayo kwanza yaonekana kama kitendawili: wawindaji wakiua madume, watoto wa dubu hupungua. Mtu angedhani kwamba madume yakipungua watoto watapona zaidi. Lakini sivyo. Dume mkubwa wa mahali akiuawa, dume mgeni huja kuishika nchi yake, na mgeni huyo, asiyekuwa baba wa mtoto yeyote, huwaua watoto awakutao, apate kumpanda mama. Hivyo risasi moja huua dubu mmoja machoni pa mwindaji, na wengine nyuma yake asiowaona.

Na mama wa Swideni wamepata hila yao. Imeonekana kwamba mama wenye watoto hukaa karibu na nyumba za watu kuliko dubu wengine, katika majira yale ya kupandana. Dume mkubwa huogopa watu, maana watu humwinda. Mama naye huogopa watu, lakini sheria ya nchi hukataza kumpiga risasi dubu mwenye watoto. Sisemi kwamba dubu anaijua sheria. Lakini mama waliojongea kwa watu walipona na wanao kuliko wale waliokaa mbali.

Kwa dubu mweupe sababu hii ya uzao haina nguvu sana, walau kwa matukio yale ya Julai na Novemba, kwa kuwa majira yao ya kupandana ni Aprili na Mei. Ndiyo maana, dume akiua mtoto wakati wa kiangazi au mwishoni mwa mwaka, akamla mpaka mifupa, yatupasa kudhani kwamba ni tumbo lililomtuma.

Mambo haya mtu aweza kuyaona leo bila kufika kwenye barafu. Katika Mto Brooks huko Alaska, ndani ya hifadhi ya Katmai, kuna maporomoko madogo ambako dubu wa kahawia husimama mwezi wa Julai wakidaka samaki warukao juu. Kamera zimewekwa pale, na watu wa dunia nzima hutazama. Tangu mwaka 2014 hufanywa mashindano kila mwaka: watu hupiga kura kumchagua dubu aliyenenepa kuliko wote kabla ya usingizi wa baridi, kwa kuwa unene kwake ndio uzima. Dubu hupewa namba, na wengine majina.

Mwezi wa Julai 2024, watoto wawili wa jike namba 128, aitwaye Grazer, waliteleza wakachukuliwa na maji ya maporomoko. Chini yake alikuwako dume namba 32, aitwaye Chunk, mkubwa kuliko karibu wote pale mtoni, naye akawashambulia. Grazer aliruka akapigana naye. Mtoto mmoja alipona, na mmoja alikufa. Tarehe 30 Septemba ya mwaka ule, mbele ya kamera zile zile, dume namba 469 alimwua jike namba 402 katika mto, na wenye mashindano wakaahirisha kutangaza majina ya washindani kwa ajili ya tukio hilo. Kura zilipopigwa mwezi wa Oktoba, waliobaki mwisho walikuwa wawili, Grazer na Chunk. Grazer alipata kura zaidi ya mara mbili ya kura za yule aliyemwulia mwanawe.

Mwaka uliofuata, 2025, Chunk alionekana mtoni taya lake limevunjika. Alikula samaki kwa shida, upande mmoja wa mdomo ukining'inia, walakini alinenepa hata akakadiriwa kuwa na kilo zaidi ya 500. Safari hiyo watu walimchagua yeye.